Jezi ya Vifaru Mgongoni mwa Bramwel

S.L.P. 417,
Kangemi, Nairobi.
9 Oktoba 2005

Mpendwa ndugu yangu Joash,

Pokea salamu nyingi za dada yako Peres. Habari za huko Doha? Joto limepungua, au bado mnaokwa kama mikate? Kile kifua chako hakijaanza kukusumbua? Sisi huku Mungu anatulinda. Mvua imeanza, na matope ya Kangemi unayajua. Sokoni mboga zimejaa mpaka wateja wanaringa.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila nikifungua mdomo. Keti chini uisome yote.

Kwanza, mwanao Bramwel anaendelea vizuri. Nyuzi za kichwani zimetolewa. Mbavu bado zinamuuma akicheka, lakini anaumaliza ugali wangu kama kawaida.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana uliyoambiwa ni uongo. Siku ile timu yetu ya Nyundo iliwapiga Vifaru mbili kwa moja, bao la pili likaingia watu wakianza kutoka uwanjani. Unajua Vifaru siwapendi hata nikiletewa na nyama. Hao watu wa mtaa wa Jamhuri wana maringo. Lakini ukweli usemwe, vijana wao hawakati tamaa, na hata tukiwafunga tunatoka tukichechemea. Na yule Mbuthia wao, akipuliza ile tarumbeta yake, hata mimi hushtuka moyo.

Tulipofika barabara ya Tom Mboya tukiimba, tukakutana nao. Jiwe la kwanza sikuliona, nilisikia tu kioo cha duka kikipasuka. Baada ya hapo ikawa vita. Mawe, chupa, nondo. Mtu alipasuliwa kichwa mbele yangu, akaanguka akiwa bado ameshika soda. Mzee mmoja alikanyagwa mpaka akaacha kulia. Kijana wa Vifaru alinivuta kitambaa, nikamzaba kofi la nguvu, na sitakudanganya, nilifurahi.

Unaikumbuka ile desturi yetu, maana ni ninyi mlioianzisha mkiwa vijana: ukimshinda shabiki wa Vifaru unamvua jezi, unarudi nayo Kangemi ikapangusiwe meza za samaki. Bramwel alimvua mmoja. Ngoma yake ya isikuti ilikuwa imeshapasuliwa, na jezi yake mwenyewe imeraruliwa ikabaki kola. Kwa hiyo akaivaa ile ya adui ili asiipoteze njiani. Uso ulikuwa umejaa damu.

Watu wetu wakamwona kwa nyuma. "Kifaru huyo! Chapa yeye!" Joash, walikuwa watu wetu. Ni watu waliokula pilau kwenye harusi yako. Ephantus, mwenyekiti wa mashabiki, ndiye aliyekuwa na ubao wenye misumari. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini nani angenisikia? Walimpiga akiwa amesimama, wakampiga akiwa magotini, wakaendelea alipolala.

Aliyekuja ni Mbuthia, peke yake, kutoka upande wao. Jezi ile Bramwel alikuwa amemvua rafiki wa Mbuthia, na Mbuthia alimwona akimvua, kwa hiyo alijua kabisa huyu ni wetu. Angeweza kusimama kando atutazame tukiuana, kisha aende Jamhuri akacheke. Badala yake alijitupa juu ya mwanao. Ubao uliokuwa unashuka kichwani kwa Bramwel ukavunja mkono wa Mbuthia.

"Wacheni! Ni wenu huyu, wajinga nyinyi!" alikuwa akipiga kelele. "Ni Bramu wa ngoma! Mkimuua, mimi nitapimana na nani derby ikikuja?"

Wakasita. Ephantus akaupangusa ule uso kwa kiganja, akamtambua, akakimbia. Mtu mmoja mwenye gari la mikate ndiye aliyetufikisha hospitali.

Huko nilimuuliza Mbuthia kwa nini alifanya vile. Alikuwa anauma meno kwa maumivu. "Mathe, hiyo timu yenu ni takataka," akasema. "Lakini huyo kijana akishika ngoma, mimi huishiwa na pumzi. Miaka yote natafuta vile nitamfunika." Nilitaka kumtukana na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Ephantus, aibu ilipomzidi, akakupigia simu akamtwika Mbuthia kosa lake. Nawe hukuniuliza mimi, hukumuuliza mwanao. Ukasema Mbuthia avunjwe meno asipulize tena. Maneno hayo Ephantus aliyarudia soko zima kama amri ya mkubwa, nami nilipokupigia nikuzuie, ukanikatia simu.

Vijana wetu wakaenda. Walimkuta mchana kweupe kando ya Ngong Road akinyunyizia maji miche yake ya maua, mkono mmoja kwenye plasta. Wawili wakamshika, wa tatu akampiga mdomoni kwa jiwe, akarudia na kurudia, mpaka meno ya mbele yakatoka yote, juu na chini. Wakakanyaga maua. Wakamwambia, "Salamu za Joash."

Huyo mtu hupuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa tangu utotoni. Daktari amemwambia asahau.

Nimekukasirikia, ndugu yangu, kuliko nilivyowahi kuwakasirikia Vifaru. Nilienda kwa Mbuthia na kuku na unga nikitarajia kufukuzwa. Mkewe, Mwihaki, alinipikia chai. Afadhali angenitusi.

Juzi timu zilirudiana, na Vifaru wakatuchapa tatu bila. Upande wao ulikuwa kimya kama matangani. Bramwel alikuja na ngoma mpya, akaiweka chini, akaikalia. Watu wetu walipomzomea aipige, akawajibu, "Nimpigie nani?"

Bramwel hataongea nawe, Joash, mpaka umwombe Mbuthia msamaha. Amesema hivyo mbele yangu na mbele ya mama yake, na si mtoto wa kubembelezwa. Namba ya Mwihaki nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Atamwekea mumewe simu sikioni. Usingoje akujibu, kwa kuwa midomo bado imeshonwa. Wewe sema tu, yeye atasikia.

Mkeo Jacklyne anakusalimu, amekuja kutoka nyumbani kumuuguza Bramwel. Mama naye anakusalimu. Hatujamweleza, anadhani mjukuu wake aliteleza. Wasalimie wenzako wote wa huko.

Mungu akulinde kazini, na akupe moyo wa kushika hiyo simu kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, siku ambayo Mbuthia ataikabidhi bendi ya kanisa tarumbeta yake.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo,

Peres