Barua Iliyokuja na Mama

Ilemela, 6 Agosti 1994

Dada yangu mpenzi Modesta,

Shikamoo. Habari za Magu, na mgongo wako unaendeleaje? Mama hajambo? Sisi huku wazima, tena wenye furaha isiyo na kipimo. Leo ni wiki ya sita tangu harusi, na Ngosha bado ananishika mkono tukienda kuteka maji. Akitoka zamu kiwandani kule Nyakato huniletea machungwa mawili, moja tule, jingine anitazame nikilimenya. Chumba chetu kiko juu mwambani. Ukifungua dirisha, ziwa lote liko mbele yako. Dada, sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa hivi. Niandikie habari nyingi.

Mdogo wako mwenye furaha,
Teodora

Magu, 19 Agosti 1994

Teodora,

Marahaba. Mgongo haujapona, kwa kuwa umeuliza. Mama ni mzima wa mwili. Juzi alivaa vitenge vitatu akaenda stendi kumpokea baba, baba tuliyemzika mwaka 1987. Nilimkimbilia nikiwa na povu mikononi. Nikimwambia amekufa, analia kama amesikia leo, basi namwambia amepeleka pamba kinuni kuchambuliwa. Nikimwogesha ananiuma. Kanisani sijaenda tangu Pasaka. Waliokuja kuniposa walimwona mama, hawakurudi.

Sikuombi vitu. Mchukue mwezi mmoja, nilale.

Dada yako,
Modesta

Ilemela, 30 Agosti 1994

Dada mpenzi,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako imeniliza hadi Ngosha akauliza nina nini, nikamwambia ni vitunguu. Ningempokea mama hata kesho, lakini mila unaijua: mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, na sisi tuna chumba kimoja. Siwezi kumtia mume wangu aibu, na ndoa yenyewe bado mbichi. Wewe una moyo mkubwa kuliko wangu, dada. Ni wewe tu unayemweza mama. Ngosha anakusalimu sana.

Mdogo wako akupendaye,
Teodora

Magu, 21 Septemba 1994

Teodora,

Usinisifie moyo tena. Jumatatu mama aliingia kwa jirani yetu Mayala, akambeba mtoto mchanga wa mkewe Rebeka akidhani ni wake. Jioni mtoto akashikwa na homa. Zahanati wamesema ni malaria. Lakini kisimani wanawake wananyamaza nikifika, na jana Mayala mwenyewe kaja. "Modesta, macho ya mama yako yamekuwa mekundu mno. Mwondoe kabla vijana hawajaanza kusema." Unajua vikongwe wanavyouawa huku kwa macho mekundu, wakiitwa wachawi. Ya mama yameivishwa na moshi wa kuni alizotupikia sisi.

Kuhusu mila yako: baada ya barua yako nilimwandikia Ngosha kiwandani. Amenijibu kwamba hukumwuliza. Anasema atalala kwa kaka yake kule Igoma hata mwaka, na mama atamsalimia kwa mbali, kama inavyompasa mkwe. Mila ni yake, na ameishika bila kumfungia mtu mlango. Wewe umejificha nyuma ya mila hiyo ukaniandikia habari za machungwa.

Dorotea, binti wa shangazi, amekuletea barua hii pamoja na mama. Wako mlangoni. Wapokee kwanza, umalizie kusoma baadaye.

Usibishane naye. Maji yawe ya uvuguvugu, uanze na miguu. Chakula mpe kidogo kidogo, na ukae naye anapokula. Komea mlango, huko mwambani ataanguka. Utamkasirikia, kisha utajichukia. Mimi ni hivyo kila siku. Mwezi ukiisha nitakuja tupokezane, maana hakuna aliyewahi kuja kunipokea mimi.

Jambo moja nilikuficha. Miaka miwili sasa mama ananiita Teodora. Nikimlisha, asante Teodora. Nikimfunika, Mungu akubariki Teodora. Zamani nilikuwa nabisha, siku hizi naitika.

Akikuita Modesta, itika.

Dada yako