Shira Niliyoificha Kwenye Kashata za Mjukuu Wangu

Mshauri wa gazeti letu la wilaya,

Mkono huu unaokuomba msaada haujawahi kuomba hata chumvi kwa jirani, na una miaka sabini na minane, kwa hiyo kama wewe unayejibu barua hizi ni kitoto cha juzi kilichoshiba vitabu, usijisumbue, mpe karatasi hii mtu mzima aliye karibu nawe. Kuandika nimejifunza uzeeni, katika darasa la akina bibi kwenye ukumbi wa wazee wa kijiji, na mistari ikipanda na kushuka kama njia ya mlimani usinicheke, ifuate tu, itakufikisha.

Ninakaa Yeongdong, upande wa milimani, na kazi yangu ni persimoni, tunda tamu la rangi ya chungwa. Baridi ya kwanza ikidondoka tunazimenya kwa kisu, maelfu, tunaacha kikonyo tu, tunazifunga kwenye nyuzi na kuzitundika darini upepo uingie huku utokee kule, na asubuhi ukungu wa mtoni ukipanda mpaka mle ndani na jua likaja nyuma yake, kote kunakuwa rangi moja, kama mtu amekaa ndani ya taa ya karatasi, nyuzi zinayumba taratibu bila kugusana, na hapo mimi husahau kwamba nina magoti. Marehemu mume wangu alikuwa akinikuta nimeduwaa anasema, "Wewe mwanamke, ukifa nitakutundika hapa hapa," nami namjibu, "Tangulia wewe," na kweli akatangulia.

Mjukuu wangu Hae-in alirudi kwangu miti ilipoanza kuchipua, ametoka Seoul, ana miaka ishirini na tisa na amekonda kama kijiti cha kulia wali. Tumbo lake halipatani na nafaka. Daktari alitaja ngano na shayiri, akasema asiguse hata chembe, yeye mwenyewe akaona heri aache zote na wali pia. Tena kabla ya kuja kwangu alikaa kwa watawa wa hekalu la juu ya mlima wetu, huko akaachana na nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali, eti ni jasho la nyuki. Mshauri, mimi nimekua mahali ambapo mtu akikutana na mwenzake anamwuliza, "Umekula wali?" na hiyo ndiyo salamu, sasa nina mjukuu ambaye hata kusalimiwa hawezi. Nikamwambia, "Mtoto, utaishi kwa kunusa?" Akacheka, akasema, "Bibi, nitaishi kwa dari yako."

Na akaanza. Alichukua persimoni kavu za mwaka jana zilizobaki kwenye friji, akachukua kunazi nyekundu, walinati za mti wetu wa nyuma, zile kokwa zenye ganda kama fuvu, na mbegu za msonobari, na ufuta, na tangawizi na mdalasini, akaviponda kwenye kinu cha jiwe, akavishindilia ndani ya kisanduku cha mbao na kuweka jiwe juu, akakitoa uani. Hakuna tanuri, hakuna moto, baridi ya ua ndiyo mpishi. Akaziita kashata za vuli. Tulikuwa tukiponda pamoja, harufu ya mdalasini imetanda mpaka paka analewa usingizi, majani ya mkunazi yanaanguka moja moja, na siku moja nikamtazama nikaona mashavu yamerudi na rangi, nikasimamisha mchi, maana sikuwa na hakika kama niko macho. Ndoto zangu nyingine zina rangi hiyo hiyo.

Ila hazikushikana. Ukikata zinamomonyoka. Nikazipeleka hivyo hivyo kwenye ukumbi wa wazee, kwa kiburi changu, na mke wa Okcheon, ndivyo tunavyomwita kwa sababu aliolewa kutoka Okcheon miaka hamsini iliyopita, akachota kwa vidole vitatu akasema, "Dada mkubwa, hii ni kashata au chakula cha kuku?" Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikamwambia, "Mpelekee kuku wako, huenda akataga yai lenye akili kukushinda," wakacheka zaidi, lakini ndani nilikuwa naungua. Nyumba yetu haijawahi kutoa kitamu cha kuchekwa. Mama mkwe wangu alinipiga kwa mwiko mpaka nikajua kukishikanisha.

Sikukuu ya persimoni ya kijiji ilibaki siku mbili, na Hae-in alikuwa amepewa meza yake mwenyewe ya kuwekea kashata zake. Adhuhuri akapanda hekaluni kufuata mbegu za msonobari. Mimi nikatoa mtungi wangu wa shira. Ni shira ya kimea cha shayiri, nimeichemsha kwa mikono yangu, nyeusi, inang'aa, ukiinua mwiko inashuka kama uzi wa hariri na haikatiki. Nikajiambia shayiri yenyewe ilikwisha kuchujwa, makapi walikula ng'ombe, kilichobaki ni utamu tu na utamu si nafaka. Nikajiambia tena mtoto amekonda, anahitaji nguvu. Nikaimimina kinuni juu ya mseto uliopondwa, nikakoroga, nikashindilia, nikaurudisha mtungi nyuma kabisa ya mitungi ya mchuzi wa soya, nikanawa mikono mara mbili.

Siku ya siku kashata zikakatika, kingo zake kali kama sabuni mpya. Hae-in akapiga kelele, "Bibi! Zimeshikana! Umezifanyaje?"

Nikasema, "Nimeweka jiwe zito zaidi."

Akanikumbatia. Akala mbili palepale amesimama. Watawa wakachukua ishirini kwa ajili ya wageni wao wagonjwa. Mke wa Okcheon akaja, akala, akalamba vidole, akasema mbele ya watu, "Dada mkubwa, nafuta kauli," nami nikasimama wima kama nguzo ya nyumba.

Jioni ile ile Hae-in akajikunja. Siku nne amelala kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, hakuna kinachokaa tumboni. Ya tano akaketi, akanitazama, akasema polepole, "Bibi, hata persimoni zimenikataa. Zilikuwa kitu changu cha mwisho." Hakulia. Angelia ningepata pa kumgombezea. Tangu hapo anakula malenge ya kuchemsha na maji, mkono wake nauzungushia vidole viwili vikakutana, na amesema Jumapili anarudi Seoul akaishi karibu na hospitali kwa sababu huku hakuna tena anachoweza kutia mdomoni. Jana nilimwona darini anapita kati ya nyuzi, anaweka kiganja kwenye kila uzi, mmoja mmoja, kama bi harusi anayeaga kwao.

Nikimwambia nitampoteza, maana atajua mkono uliomlaza ni wangu. Nisipomwambia ataondoka akidhani hata miti yetu imemchukia. Nimewaza niseme persimoni za mwaka jana zilikuwa zimeoza. Nimewaza nitengeneze nyingine safi kimyakimya, nimbembeleze ajaribu, zisimdhuru, yaishe. Nifanyeje? Jibu upesi, na usinipe maneno ya shuleni.

Mimi, Bibi wa Darini

*

Mdogo wangu wa Darini,

Nina miaka themanini na miwili, kwa hiyo haki ya kukugombeza ninayo na nitaitumia yote.

Kwanza, hekalu. Kwa hilo sikungoja gazeti litoke. Nimewapigia watawa simu asubuhi nikawaambia kashata zile zina shayiri. Tisa zilikuwa bado, wamezitenga. Kumi na moja zimeliwa na wagonjwa, na ni bahati tu, si akili yako, kwamba hakuna aliyeanguka. Sikuwatajia jina. Utawapigia ulitaje mwenyewe.

Sasa wewe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nililia pale msichana alipoziaga nyuzi. Ya pili nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoandika.

Unasema uliamini shira haina nafaka. Kama uliamini, mtungi ulifuata nini nyuma ya mitungi ya soya? Unasema ulitaka mtoto apate nguvu. Huo ni uongo wa pili, na ni mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu umeuvalisha nguo za upendo. Miezi saba amekaa kwako amekonda na hukumtilia shira. Umemtilia baada ya kuchekwa. Mdogo wangu, shira ile hukumtilia Hae-in. Ulimtilia mke wa Okcheon. Mjukuu wako amelala siku nne ili wewe usimame wima kama nguzo kwa dakika mbili.

Inauma? Iache iume. Mimi niliwahi kumpa mkwe wangu mchuzi wa kuku nikamwambia ni wa uyoga, ili nimwoneshe kwamba kutokula nyama ni maringo. Ni miaka kumi na sita sasa. Akija kwangu anakuja na bakuli lake lililofungwa kwa kitambaa, ananiinamia kwa adabu zote, na hagusi changu. Kwa hiyo sikufundishi jambo nililolisikia kwa watu.

Unaogopa kumpoteza ukisema. Kwani Jumapili utakuwa umempata? Ukisema, atakosa imani na mkono wako kwa muda, pengine mrefu, na utastahili. Usiposema, atakosa chakula chake, nyumba yake, na atauogopa mwili wake mwenyewe kwa kosa ambalo haukulifanya. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumrudishia vyote hivyo, na inatosha sentensi moja. Hakuna daktari Seoul mwenye dawa hiyo.

Kutengeneza nyingine kimyakimya, thubutu! Kimyakimya ndiko kulikokufikisha hapa. Na ukizisingizia persimoni, sijui utapandaje tena ngazi ya dari ile.

Mwache aende kwa daktari wake, maana siku nne bila kushika chakula si mchezo. Lakini aende kama mtu anayejua kilichomuumiza, aweze kukitaja. Shira mwage. Kinu na kisanduku cha mbao usimpe tena, vimekwisha kuinywa. Na siku akikuuliza, akikuuliza yeye, mwambie kwamba zilimomonyoka kwa sababu persimoni za mwaka jana zilikauka mno. Achukue za sasa hivi, zilizokaa kwenye uzi wiki tatu, zile ambazo ukizibonyeza zinabonyea kama ncha ya sikio. Kunazi aziloweke kwenye maji ya uvuguvugu, azitoe kokwa, azisugue kwenye chujio mpaka abaki na uji mzito. Huo ndio gundi. Baridi ya siku mbili, si moja. Mama mkwe wako alikupiga kwa mwiko na bado hukulijua hilo, kwa sababu alikufundisha kitamu cha shira tu.

Kisha namna ya kusema, na hapa nisikilize vizuri, maana nakujua kwa kuwa najijua. Sisi wanawake wa milima hii hatusemi samahani. Tunamenya peari, tunaikata vipande sawasawa, tunaipanga kwenye sahani, tunaiweka mlangoni, tunakohoa kidogo na kwenda zetu, na watoto wetu wanajua maana yake. Safari hii usithubutu. Mtoto huyo anaziogopa sahani. Nenda mikono mitupu. Gazeti hili linatoka Alhamisi, basi uende Alhamisi hiyo hiyo, kabla hujavua viatu vya shambani na kupata visingizio. Kaa chini mbele yake, hata magoti yakilia. Sema, "Hae-in, nilitia shira ya shayiri. Si persimoni zilizokuumiza, ni mimi."

Halafu nyamaza. Akipaza sauti, nyamaza. Akikuuliza kwa nini, mwambie kuhusu ukumbi wa wazee na kicheko kile, usimwambie habari ya kukonda kwake. Akiinuka akapanda darini, wewe baki chini. Usimwite, usimfuate, usimchagulie hata persimoni moja. Atakayoitungua mwenyewe ndiyo atakayoiamini.