Nani Atambeba Rehema

Jumatatu, 2 Juni
Chai, vitumbua viwili, bodaboda hadi dukani Magomeni kama kila siku. Wateja wachache. Mchana mwanangu Asha kapiga simu kutoka Mikumi. Akianza na "Mama, usikasirike" najua nitakasirika. Binti yake Rehema anatolewa mwali tarehe ishirini na nane, likizo hii hii. Sawa, hilo nililijua. Ila atakayembeba ni Bi Tatu.

Kwetu mwali akitoka, bibi mzaa mama ndiye humbeba mgongoni kutoka mlango wa chumba hadi kwenye mkeka uani, ngoma ikilia. Mama yangu alimbeba Asha. Kwa Rehema, bibi mzaa mama ni mimi. Bi Tatu ni mama wa mume wa Asha, basi. Asha anasema si dharau, ni magoti yangu tu. Nimekata simu. Sijala.

Jumanne, 3 Juni
Bi Tatu ananizidi umri. Mimi niko darasani, yeye keshaolewa. Na mpaka leo anapalilia miwa yake kule Kidodi, anatembea kwenda, anatembea kurudi. Akiketi chini huinuka bila kushika kitu. Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko vyote. Mimi nikikaa mkekani, kuinuka huitwa watu wawili.

Namwonea wivu. Nimeliandika.

Ijumaa, 6 Juni
Kwa daktari. Nilitaka dawa ya kunifikisha tarehe ishirini na nane. Kapapasa magoti, kauliza naendaje dukani. Nikamwambia. Kauliza nani ananichotea maji. Nikamwambia. Kasema magoti hayajaisha, yamezoea kukaa. Nitembee kila siku, kidogo kidogo, na nisiache hata sherehe ikipita. Kanipa na dawa ya kuchua, nadhani ili ninyamaze.

Miaka yote nilijua anayetembea ni asiye na nauli. Nilipofungua duka la khanga, jambo la kwanza nililojivunia ni kutoonekana barabarani kwa miguu. Bi Tatu hakuwahi kupata bahati hiyo. Sasa tazama.

Jumamosi, 7 Juni
Nimetoka kwa miguu. Hamisi wa bodaboda kanifuata polepole na pikipiki yake, Mabwerebwere yetu nzima inatazama. "Bibi, nimekukosea nini?" Watu wakacheka. Nimesema nanyoosha miguu. Nusu ya njia nikapanda. Aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Nyuma ya bafu, pasipoonekana, nimejifunga kiroba cha mchele mgongoni kwa khanga. Hatua chache nikayumba, khanga ikafunguka, mchele ukamwagika. Kuku wamekula vizuri leo.

Jumatano, 18 Juni
Nimefika dukani kwa miguu! Nimepumzika njiani mara moja, kwa muuza mihogo. Magoti yanauma, lakini si maumivu yale ya zamani. Siku hizi hata usingizi unakuja wenyewe.

Jioni Bi Tatu kapiga simu. Shikamoo dada. Marahaba mdogo wangu, miguu inaendeleaje? Anaiulizia miguu yangu kama vile imelazwa wodini. Nimesema haijambo. Mazoezi sikumtajia.

Alhamisi, 26 Juni. Mikumi
Nimefika jana. Nimemkuta Bi Tatu keshafagia uwanja, keshachota maji, anapepeta. Wajukuu wanamganda yeye. Rehema yumo ndani na kungwi wake, simwoni, ila nilimsikia akicheka na huyo bibi yake mwingine. Roho imeniuma kweli.

Kisha nimefanya kitu. Nimemwita Asha pembeni, nikamwambia Bi Tatu kanieleza mgongo unamsumbua, anaona haya kusema. Uongo mtupu. Asha kaamini. Kauliza, je, wewe utaweza? Nikatembea uwanja mzima mbele yake, kwenda na kurudi, bila kugusa ukuta. Alinitazama kama hanijui. Kasema haya.

Ijumaa, 27 Juni
Bi Tatu ameambiwa apumzishe mgongo. Hakubisha. Kaniangalia kidogo, kaendelea kuchambua mchele. Afadhali angenitukana.

Nimepata nilichotaka, na sahani yangu nimewaachia watoto.

Jumamosi, 28 Juni
Rehema si kiroba. Yu hai, anapumua shingoni, ana miguu mirefu. Ngoma juu, vigelegele, khanga kafunikwa mpaka usoni. Mlangoni nilikuwa sawa. Katikati ya uwanja goti la kushoto likaanza kutetemeka. Nikajua naanguka na mtoto wa watu mbele ya wakwe, na kosa ni langu.

Mkono ukapita chini ya mtoto kutoka nyuma. Bega likagusa langu. Bi Tatu. Anaimba, anacheza, anabeba, vyote kwa pamoja, jasho hana. Uzito ukapungua. Tukafika mkekani wote watatu. Watu wakadhani ndivyo inavyochezwa.

Kaniinamia sikioni. "Mdogo wangu, mgongo wangu unakusalimu."

Jumatatu, 30 Juni. Mabwerebwere
Nimerudi nyumbani.

Jana nilimwomba radhi kabla ya kuondoka. Alikuwa kachuchumaa uani anasugua masufuria. Kasema yameisha. Kisha kainuka. Bila kushika kitu. Nimeona wivu palepale, radhi yenyewe bado iko mdomoni.

Salma, mdogo wake Rehema, alikuwa anaruka kamba karibu na mlango. Bi Tatu kamwelekezea kidole chenye masizi. Kasema yule, siku yake ya kutoka ikifika, atakayembeba ni yeye Bi Tatu, na mimi nitashika nyuma.

Asubuhi hii Hamisi kaja na pikipiki mpaka mlangoni. Nimempungia mkono apite. Kulikuwa na ubaridi. Nimepumzika kwa muuza mihogo, kisha nikaendelea. Duka nimefungua mwenyewe.

Salma ana miaka sita. Muda ninao.