Bunduki Uliyokataa Kuigonga

Mjomba Akbar,

Tangu tukuzike, mezani kwako nakaa mimi. Mpiga picha wetu bado anamulika bunduki mpaka mikwaruzo inajificha, na mimi namgombeza kwa maneno yako yale yale. Watu wanaotaka tuwauzie bunduki zao kwenye mnada wa mtandaoni bado wanatuletea hadithi ndefu: hii ilikuwa ya babu, hii iliua dubu wa ajabu. Nikizisoma nakusikia ukisema, "Binti Singida, bei haiko kwenye hadithi, iko kwenye chuma."

Nimekukumbuka sana. Niliseme hilo kwanza, kabla sijaanza kukulaumu.

Mimi nilikuja hapa Scarborough, Kanada, kufunga maboksi tu. Wewe ndiye uliyenifundisha bunduki kuukuu za marisau, zile za kuwindia ndege, na namna ya kuijua ya kweli na ya kughushi. Unamkumbuka yule mama wa Saskatchewan? Ulimwambia kwenye simu aitundike mitutu kidoleni, aigonge kwa mwiko, nasi tukainamia simu kusikiliza. Mitutu iliyoungwa vizuri hulia kama kengele, iliyolegea hukoroma. Ya kwake ilikoroma, naye akaomba radhi kana kwamba amekoroma mwenyewe. Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Lakini ya kwako, Mjomba! Ile ya mitutu miwili, aliyoinunua baba yako Arusha kwa mzungu aliyekuwa akifunga shamba arudi kwao. Ulitusimulia mara ngapi kwamba ni kazi ya fundi mkubwa wa London? Kila bunduki iliyopita hapa uliigonga, isipokuwa hiyo. Nikikuomba niigonge, unaniuliza nina haraka ya kwenda wapi.

Sasa Mama Karim anahamia kwa mwanenu kule Vaughan, na kwa kuwa hana leseni ya kukaa nayo, imebidi iuzwe. Karim aliileta mwenyewe. Kwa kile Kiingereza chake cha haraka akaniambia niandike tu kama Baba alivyokuwa akisema, basi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliifungua, nikainama. Namba iliyo chini ya mitutu siyo iliyo kwenye mwili wa bunduki. Maua ya nakshi yamelika kwa kushikwashikwa miaka na miaka, lakini jina la fundi katikati yake lina makali, kana kwamba limechongwa juzi tu. Nikaitundika mitutu kidoleni, nikaigonga. Ikakoroma.

Nililia, Mjomba. Sikulilia bunduki.

Nilipompigia Mama Karim kumweleza, alinijia juu. "Maiti hasemwi vibaya," akasema. "Arobaini yake haijafika, na wewe unataka kumwita mwongo mbele ya wanunuzi wa Kanada nzima?" Nilimwelewa, maana nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini nikiandika ni ya London, mnunuzi ataifungua kama nilivyoifungua mimi. Kuanzia siku hiyo kila bunduki uliyowahi kuiandikia maelezo itatiliwa shaka, na jina lako ulilolijenga kwa kusema kweli litakwisha, wewe huna hata mdomo wa kujitetea.

Nikamwomba asikate simu. Nikagonga kwanza ya mteja mwingine, nzima, ikalia mpaka mpiga picha akageuka. Kisha nikagonga yako.

Halafu akasema, taratibu, "Baba mkwe wangu alifariki akijua amemwachia mwanawe kitu cha maana. Angeigonga vipi?"

Kumbe ulijua. Ulikuwa na marehemu wako, na hukutaka kumsema. Na mimi nilikuwa tayari nimekukasirikia! Nisamehe, Mjomba.

"Andika, mwanangu," akasema Mama Karim. "Ila andika vizuri."

Nimeandika hivi: jina limeongezwa baadaye, mitutu si ya mwili huu na imelegea, isifyatuliwe, mbao zimetunzwa kwa miaka mingi na mtu aliyeipenda. Hilo la mwisho ungelifuta, najua, ungesema upendo hauna namba. Nimeliacha. Bei nimeiweka ya chini, bei yake ya haki, na chini yake nimeandika jina langu.

Nimekusema, Mjomba, lakini sijakusema vibaya.

Lala salama. Mungu akupe kauli thabiti, na ukikutana na baba yako huko, usimwambie lolote kuhusu mnada huu. Hapa mezani nitazigonga zote, nakuahidi. Ila akija mtu na ya baba yake, nitamwekea kiti kwanza.

Wako,
Binti Singida