Vibati Sita vya Lango la Korongo

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa chumba cha upelelezi, kituo cha polisi, Jumatatu tarehe 16, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Jina: Mama Vifungo, kama anavyojulikana na wateja na majirani
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi cherehani, sare za shule
Makazi: Nyuma ya soko la matunda, nyumba yenye mlango wa kijani
Uhusiano na majeruhi: Mke wake

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa miguu yangu, bila kuitwa. Nimekuja kwa sababu mlinzi wa lango la korongo yuko mahabusu tangu jana, akidaiwa kuruhusu maji yafunguliwe mume wangu akiwa bado ndani. Kosa hilo si lake. Nitaeleza lilivyokuwa, na naomba afande aandike kama ninavyosema.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa saba na dakika ishirini mchana, tulifika kwenye korongo la mto tukiwa watu sita: mimi, mume wangu, binti yetu, mkwe wetu na wajukuu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine sita. Safari niliipanga mimi. Kwetu safari zote huzipanga mimi, na watoto hunitania kwamba nimekosa magwanda tu. Mimi huwajibu kwamba bila mimi wasingefika hata dukani.

Njia ile wanaiita njia ya familia. Ni kilomita tatu kwenda na kurudi, imemwagwa kokoto, ina uzio wa mbao upande wa mtoni na mabenchi sehemu tatu. Hata mtu mwenye goti bovu kama mume wangu anaimudu. Ila juu ya korongo kuna bwawa, na kila siku saa kumi alasiri hufunguliwa maji. Kwa hiyo mlinzi humpa kila mgeni kibati chenye namba. Alitueleza sote sita, tena polepole: "Kila mtu avae chake shingoni, na akitoka akirudishe mwenyewe kwenye msumari wake, ubaoni hapa. Ubao ukijaa, napiga simu bwawani wafungulie." Sisi tulipewa namba 31 hadi 36.

Hatukwenda hata hatua hamsini, wajukuu wakaanza kuzungusha vibati vyao kama feni. Nikavikusanya vyote, hadi cha mume wangu, nikavitia mkobani na kufunga zipu. Ndivyo nilivyozoea. Kazini kwangu vifungo vya kila sare hukaa kwenye kopo langu, na msaidizi haruhusiwi kulishika. Mume wangu alisema, "Mke wangu, si tumeambiwa kila mtu avae chake?" Nikamjibu, "Wewe miwani yako tu umeipoteza mara tatu mwaka huu." Alicheka, afande. Hakukasirika.

Kusema kweli palikuwa pazuri. Kuta za mawe zimepanda pande zote mbili, mto katikati ni mwembamba, wa kijani, unakwenda taratibu. Mjukuu mdogo aliuliza nani aliyeukata mlima. Babu yake akamwambia, "Bibi yako, na mkasi wake." Sikumbuki lini tulicheka hivyo sote pamoja.

Wakati wa kurudi, saa tisa na dakika tano, tulifika benchi la pili. Mume wangu aliketi kupumzisha goti. Binti na mkwe walitangulia na mkubwa. Mimi nilimpeleka mdogo chooni, nyuma ya ukuta wa mawe. Tulipotoka, benchi lilikuwa tupu. Sikumwita. Nilijua ametangulia garini kulala, kwa sababu kila tukitoka matembezini hufanya hivyo. Binti yangu naye alijua baba yake yuko na mimi. Kumbe alikuwa ameshuka ngazi za mawe hadi mtoni, ameketi kwenye jabali, anaosha miguu. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na maji yanapiga kelele.

Saa tisa na dakika arobaini nilifika langoni na mjukuu mdogo. Binti na mkwe walikuwa wameshapita kwenda kwenye gari, ng'ambo ya uwanja wa maegesho. Mlinzi alikuwa amewaambia wasubiri vibati, wakamjibu anavyo mama. Nilifungua mkoba, nikaanza kutundika. Mlinzi alisogea akasema, "Mama, utaratibu ni kila mtu na chake." Nikamwambia watoto wamechoka. Akauliza, "Lakini mmetimia?" Nikasema, "Mwanangu, nimelea watoto watano, sijapoteza hata mmoja." Hakuridhika. Akauliza tena, "Na mzee?" Nikamwambia mzee yuko garini, amelala. Nililisema hilo kama mtu aliyetoka kumwona sasa hivi. Kisha nikatundika namba 36, ambayo ni yake, kwa mkono wangu huu.

Ubao ulijaa. Saa kumi kasoro dakika tano nilimsikia mlinzi akipiga simu bwawani.

Kutoka hapo nilisimama kumfunga mjukuu viatu, nikapitia bombani kumnawisha. Nilipofungua mlango wa gari, kiti cha mume wangu kilikuwa kitupu. Binti akaniuliza, "Baba yuko wapi?" Nikarudi langoni nikikimbia, mimi ambaye sijakimbia tangu niolewe. Mlinzi aliniona tu usoni, hakuuliza kitu. Aliwapigia bwawani wafunge, akachukua kamba iliyoning'inia nyuma ya mlango, akaondoka mbio.

Maji yalikwishafika. Nilipowafikia, mlinzi alikuwa amezama hadi kifuani, kamba imefungwa kwenye nguzo ya uzio, na mume wangu ameng'ang'ania jabali kwa mikono miwili. Alimpandisha ngazi zile mgongoni. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Nyonga ya mume wangu imevunjika na mapafu yameingia maji. Daktari anasema leo na kesho ndizo siku zitakazotuonyesha.

Jana asubuhi mkwe wangu aliandikisha hapa kwamba mlinzi hakutuhesabu. Yeye hakuwa langoni, alikuwa kwenye gari, hakusikia niliyoulizwa. Nilipotaka kusema, binti yangu alinivuta kando, akaniambia, "Mama, nyamaza tu. Nani atakuuliza?" Sina kinyongo naye, alikuwa ananikinga. Nilinyamaza.

Jioni yake mke wa mlinzi alifika wodini. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Aliuliza kama mzee ameweza kula, akaomba asimame dakika moja kitandani pake. Baada ya kuondoka nililia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nilikuwa nimemwacha mwanamke yule alale bila mume kwa ajili ya kulinda jina langu.

Mlinzi aliuliza mara mbili na nikamjibu mara mbili. Mkiniweka naye meza moja, nitayarudia haya haya mbele yake na mbele ya mkwe wangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimeyasema nikiwa na akili zangu timamu, sikutishwa wala sikuahidiwa kitu.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

MAELEZO YA AFISA: Mimi, koplo wa zamu, nimeyaandika haya na kumsomea shahidi. Nilimweleza kwamba yanaweza kutumika dhidi yake mwenyewe. Alijibu, "Ndiyo maana nimekuja mapema." Nakala imepelekwa kwa mkuu wa kituo saa nne asubuhi, pamoja na ombi la kumwachia mlinzi. Kuna sahihisho moja, ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeandika, "Kwa bahati mbaya nikamwambia mzee yuko garini." Shahidi alikataa kutia saini hadi maneno matatu ya mwanzo yakatwe, akisema hakuyatamka. Ni kweli, yalikuwa yangu. Nimeyakata.