Alama kwenye Mkono wa Babu

Mama mdogo mpendwa,

Picha ya babu imefika salama, haijakunjika hata ncha. Huku sote wazima, ila mama anasumbuliwa na goti na baba anamsumbua mama.

Ulitaka kujua babu alikuwa kikosi gani vitani. Nilimpelekea picha jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, akaikagua kwa lenzi. Nembo ya kofia, akasema, ni ya askari wa miguu. Kisha akagusa kile kialama cha kwenye mkono wa sare ambacho sote tulidhani ni doa.

"Hii ni tarumbeta. Babu yenu ndiye aliyekuwa akiwapigia wenzake wakizikwa."

Nilipowaeleza nyumbani, mama aliacha kukunja nguo. Unaikumbuka harusi yake na baba: matarumbeta yalipoanza tu, babu akainuka na kuondoka bila kuaga, hata kwenye picha hayumo. Mama aliamini amemkataa mkwewe. Baba hulifanya mzaha, eti aliozeshwa na ukoo mzima kasoro mzee.

Safari hii hakutania. Aliishika picha muda mrefu, akasema taratibu, "Kumbe mzee hakuwa na neno nami."

Asante, mama mdogo. Sijui nikushukuru vipi. Jana baba alitafuta nyundo mwenyewe, akamtundika babu sebuleni ubavuni mwa picha ya harusi, fremu zimegusana. Mgeni akiuliza huyu askari ni nani, baba anamjibu, "Baba mkwe huyo. Alikuwepo."

Ni mimi mwanao, yule wa maswali mengi.