Gome Ulilonalo Wewe

Dada yangu Mghoi,

Kabla ya salamu, ikague bahasha. Nimeipaka gundi mara mbili. Ukiona imefunguliwa, muulize huyo mwalimu wa Mwatate aliyeileta kutoka huku ng'ambo, kabla hajaketi. Sikutaka kuandika kwenye simu kwa sababu simu hii nilipewa na chuo. Haya, hamjambo? Mama anaendeleaje na magoti? Mvua imefika huko Chawia, ama bado mnaangalia mawingu?

Mimi ni mzima, ila sina amani. Uliniambia kuna mgeni alikuja nyumbani na mkate na sukari, akasema ni rafiki yangu wa masomo, akauliza habari za dawa ya vidonda ya Bibi. Dada, mimi sijamtuma mtu.

Nimewaza wiki nzima alijuaje mlango wetu, na kosa ni langu. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya maprofesa kueleza utafiti wangu, hiki kitambaa ninachotengeneza cha kufunga vidonda vya watu wa kisukari. Nikajitambulisha vile tunavyojitambulisha kanisani: jina langu, la baba, kijiji, shule iliyo karibu, na Bibi aliyenipa jani. Watu wa huku husema jina moja wakaendelea na kazi. Mimi nilimaliza nikiwa nimewachorea ramani. Walipiga makofi, na mmoja alikuwa akiandika.

Jani peke yake halifanyi kitu, hilo unalijua. Bibi aligawa dawa makusudi, jani kwangu na gome kwako, ili tusiweze kumtibu mtu tukiwa tumekosana. Hapa maabara nimelijaribu jani kwenye seli za ngozi; zinasogea kidogo kuziba pengo la jeraha halafu zinakwama. Profesa wangu ameniuliza mara tatu, "Una uhakika hakuna kitu kingine ndani?" Mara ya tatu alinitengenezea chai mwenyewe, na huyo hajawahi kumtengenezea mtu chai. Nikamwambia hakuna. Siku hizi droo yangu naikuta imefungwa vizuri kuliko nilivyoiacha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yangu huku ni koti la maabara.

Na wewe usinikasirikie. Ulisema mgeni alikunywa chai akaenda zake. Mama anasema alikaa hadi ng'ombe wakarudi. Mlikuwa mnaongea nini? Kama ulimwonyesha mti, niambie tu, afadhali nijue.

Ukweli ni kwamba naogopa. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Bila matokeo mazuri sipati hiyo shahada ya udaktari, nitashuka Voi na sanduku la makoti ya baridi. Nikiwa na gome lako, wiki mbili zinatosha. Lakini fomu niliyotia sahihi siku ya kwanza inasema chochote kinachoingia maabara ni chao. Nimeisoma jana tu.

Nisalimie Mama, na shemeji huko Maungu na matairi yake ya kuziba, na shangazi wa Kasigau. Mwambie ndovu wakimaliza mahindi ahamie kwetu.

Mgeni akirudi, mpe chai, mwonyeshe mkaratusi wowote, adhani ndio mti wetu. Na mimi nikikupigia simu nikilia, nikikuomba gome, usinipe.

Mdogo wako anayekuamini, au karibu kukuamini kabisa,
Wakesho